Pathfinder R51: jinsi rejeta inavyoua giaboksi, na namna ya kuiwahi

Ukikuta Nissan Pathfinder R51 inauzwa kwa bei inayokufanya ujiulize kulikoni, fungua boneti kabla hujafungua mlango. Tafuta tanki dogo la akiba la maji ya rejeta uangalie kilichomo. Kulanti safi huonekana kama ilivyomiminwa, iwe ya kijani au ya buluu. Ukiona utando wa mafuta juu yake, au kimiminika kizito cha waridi kisichopitisha mwanga, bei imeshajieleza. Muuzaji akisema "ni kulanti ya rangi hiyo," mwombe mfuniko wa rejeta ufunguliwe injini ikiwa baridi, kisha ukitoe kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Uchafu huo ukiwepo pande zote mbili, hapo hununui gari tena, unanunua bodi na injini.

Tunazungumzia gari lililoingia sokoni kwa modeli ya 2005 pamoja na ndugu zake wanaotumia fremu ya aina hiyo: Xterra, na pikapu inayoitwa Frontier Marekani na Navara D40 kwingineko. Za Marekani na nyingi za Ghuba zina injini ya petroli VQ40DE, V6 ya lita 4.0. Nyingi za Afrika Mashariki na Uingereza zina dizeli YD25 ya lita 2.5. Zenye gia otomatiki za injini hizo mbili hutumia giaboksi ileile, RE5R05A ya Jatco, gia tano. Kipimo chochote cha ujazo nitakachotaja ni cha V6. Mwenye dizeli afuate kitabu cha gari lake kwa lita, ila mpangilio wa kazi haubadiliki. Mwenye gia ya mkono anaweza kuruka hadi sehemu ya mfuniko na thermostati, vali inayoyafungulia maji njia ya rejeta injini ikipata joto.

Watu wengi husema Pathfinder ina giaboksi dhaifu. Si kweli. RE5R05A iliwekwa pia nyuma ya V8 ya lita 5.6 kwenye Titan na Armada, magari makubwa ya Nissan, na huko inavuta mizigo mikubwa kuliko chochote Pathfinder itakachowahi kuvuta. Giaboksi hii ikilindwa oili yake huenda mbali sana. Kinachoimaliza ni kinywaji inachonyweshwa, na anayeinywesha ni rejeta.

Oili ya giaboksi otomatiki hupata joto kali, kwa hiyo husukumwa kwa bomba mbili hadi mbele ya gari ikapoe. Ndani ya tanki la plastiki la chini la rejeta kuna kipozeo kidogo cha chuma. Oili hupita ndani yake, kulanti hupita nje yake, joto linahama, vimiminika havikutani. Kinachotenganisha lita kumi za oili na lita kumi za kulanti ni ukuta mwembamba wa chuma na viungio viwili vinavyotoka nje ya tanki. Kwenye rejeta za miaka ya 2005 hadi 2010 ukuta huo na viungio vyake vilipasuka mara nyingi mno. Chuma na plastiki havitanuki sawa vikipata joto, injini hutikisika, na kila unapowasha na kuzima ni mzunguko mmoja wa kutanuka na kusinyaa. Ufa ukianza, haurudi nyuma.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipitia haraka. Injini ikiwa inafanya kazi, presha ya oili ndani ya kipozeo kwa kawaida huwa kubwa kuliko ya kulanti, hivyo oili ndiyo huvuja kuingia kwenye maji. Ukizima, pampu ya giaboksi inasimama na presha ya oili inashuka hadi sifuri papo hapo. Rejeta, kwa upande wake, bado ina moto na presha ya karibu baa moja, na itakaa nayo kwa muda mrefu. Sasa kulanti ndiyo inasukumwa kuingia kwenye oili. Yaani giaboksi huharibika zaidi gari likiwa limeegeshwa, dereva yuko mezani anakula. Ndiyo maana gari linaweza kufika nyumbani likienda vizuri, asubuhi likaanza kutetemeka.

Kulanti ikishaingia, hufanya uharibifu wa aina tatu. Glaikoli, kemikali kuu ya kulanti, hulainisha gundi inayoshikilia karatasi ya msuguano kwenye pleti za klachi. Maji hufyonzwa na karatasi yenyewe, ikavimba na kuanza kumeguka. Na TCM, kompyuta ya giaboksi, kwenye RE5R05A haikai chini ya dashibodi; imefungwa juu ya vali bodi (kipande kinachogawa presha ya oili kwa kila gia), ndani ya sampu, yaani bakuli la oili la chini ya giaboksi, ikiogelea kwenye oili hiyohiyo. Mchanganyiko huo ukipenya kwenye vihisi na viunganisho vyake, kompyuta huanza kusoma mizimu. Ndipo huja misimbo ya hitilafu kama P0717 na P0720 ya vihisi vya mzunguko, au P1710 ya kihisi cha joto la oili, na fundi asiyeangalia rejeta anakuuzia kihisi.

Marekani suala hili lilifika mahakamani. Kesi ya pamoja ya wamiliki wa Frontier, Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010 iliisha kwa Nissan kukubali kurefusha dhamana ya rejeta na uharibifu unaotokana nayo: miaka 8 au maili 80,000, na baada ya hapo hadi miaka 10 au maili 100,000 kwa mmiliki kuchangia kati ya dola 2,500 na 3,000. Muda huo umeshapita kwa magari yote. Leo kila R51 yenye rejeta yake ya kiwandani iko mikononi mwa mwenyewe. Na si Nissan pekee wenye mpangilio huu. Prado za 120 nazo zina kipozeo ndani ya rejeta, na zimewahi kuuguza giaboksi kwa njia hiyohiyo.

Dalili

Dalili ya kwanza haiko kwenye kuendesha, iko kwenye tanki la akiba. Mafuta yanaelea, au kuta za tanki zimepata utelezi. Ukiiona hapo mapema, huenda giaboksi bado ni salama. Tatizo ni kwamba kwa nchi zetu tanki hilo mara nyingi limejaa maji ya bomba yenye kutu, kila kitu ni kahawia, na hakuna anayeweza kusoma chochote. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutumia kulanti halisi.

Dalili ya pili ni mtetemo kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, kana kwamba unapita juu ya rasta za barabarani. Hapo ndipo klachi ya tokikonveta, lile duara kubwa kati ya injini na giaboksi, hujaribu kufunga. Ikiteleza na kushika, kuteleza na kushika, gari zima linatetemeka. Wengi hudhani ni plagi au koili. Kuna jaribio la bure: mtetemo ukianza, shikilia mafuta vilevile, kisha gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, kiasi tu cha kuwasha taa za nyuma. Swichi ya breki huiambia kompyuta iachie klachi hiyo. Mtetemo ukikoma papo hapo, shida iko kwenye tokikonveta au oili yake. Ukiendelea, rudi kwenye injini.

Baadaye hufuata kuchelewa kuingia R au D, gia kuteleza kutoka ya pili kwenda ya tatu, na mwisho gari kuingia hali ya kujilinda: linashika gia moja na kukataa kubadilisha.

Kidokezo cha pembeni kwa wenye V6: mlio mwembamba wa kuvuma unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini, ukitokea mbele, si giaboksi. VQ40 za miaka hiyo hula vikazio vya cheni za juu za timing, zile zinazozungusha shafti za vali. Ni kazi yake peke yake, na ya gharama, lakini usikubali giaboksi ifunguliwe kwa ajili yake.

Kupima kwa uhakika

Kijiti cha oili ya giaboksi kwenye R51 kimefungwa kwa bolti ndogo ya spana 10 juu ya bomba lake, nyuma ya injini karibu na ukuta wa moto. Kiwandani walikifunga ili wasiojua wasikichezee, na matokeo yake hata wanaojua hawakigusi. Kifungue. Dondosha oili kwenye karatasi nyeupe. Oili nzuri ni nyekundu inayopitisha mwanga. Iliyozeeka ni kahawia, na hiyo si ugonjwa. Iliyoingiwa na kulanti huwa ya waridi yenye ukungu.

Maji yakiwa kidogo, macho hayatoshi. Pasha moto kipande cha bati nje ya nyumba, mbali na gari, hadi tone la maji likidondoshwa juu yake lichemke mara moja. Likaushe, dondosha tone moja la oili. Oili kavu hutandaa kimya. Yenye maji hutatarika na kurusha vipovu. Ni jaribio la zamani, na hukamata hata maji machache mno yasiyobadilisha rangi.

Rejeta nayo hupimwa ikiwa bado kwenye gari. Injini ikiwa baridi, chomoa mipira miwili ya oili pale chini ya rejeta. Jaza rejeta kulanti hadi mdomoni na uache mfuniko wazi. Ziba mdomo mmoja wa kipozeo, mwingine uuingizie hewa ya kompresa kwa baa 2, si zaidi, ukiwa na geji ya kuaminika. Subiri dakika kumi. Vipovu vikitokea mdomoni mwa rejeta, imekwisha. Visipotokea, usishangilie: nyufa nyingine hufunguka rejeta ikiwa na moto tu. Rejeta asilia iliyokwisha fikisha miaka kumi na tano inabadilishwa hata ikifaulu jaribio hili. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya giaboksi.

Ukikuta imevuja

Kwanza, gari lisiwashwe tena. Halivutwi kwa kamba magurudumu yakizunguka. Linapakiwa juu ya lori la kubebea magari, maana pampu ya giaboksi hailainishi kitu injini ikiwa imezimwa.

Kama oili imeingia kwenye maji lakini oili ya giaboksi ni safi hata kwa jaribio la bati, una bahati. Badilisha rejeta. Mfumo wa maji unaoshwa kwa sabuni isiyotoa povu jingi, ile ya mashine ya kuoshea vyombo, iliyoyeyushwa kabisa kwenye maji ya moto: injini ifike joto la kazi, hita ikiwa imefunguliwa ili mzunguko wote uoshwe, kisha umwage. Rudia mpaka maji yatoke bila utelezi, halafu suuza kwa maji matupu mara mbili. Mipira ya rejeta iliyolowa oili huvimba na kulainika. Ukiibonyeza ikawa teketeke, ibadilishe.

Kama kulanti imeingia kwenye giaboksi lakini gari halijaanza kutetemeka, unashindana na saa. Hapa watu hukosea hesabu. RE5R05A ya V6 hubeba lita 10.3 kwa jumla, lakini ukifungua nati ya sampu hutoka kama lita 4.5 tu. Zilizobaki ziko kwenye tokikonveta, mabomba na vali bodi. Ukimwaga mara moja, asilimia 56 ya uchafu bado imo. Mara ya pili imebaki 32, ya tatu 18, ya nne 10. Umetumia lita 18 na bado una sehemu moja kwa kumi ya sumu ndani. "Kumwaga oili na kuweka mpya" mara moja, kama wanavyofanya gereji nyingi, ni kupoteza fedha.

Njia sahihi ni kuitumia pampu ya giaboksi yenyewe. Mwaga sampu, ishushe, safisha sumaku zilizomo ndani yake na uangalie zimekusanya nini. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya karatasi nyeusi ni pleti za klachi zinazobanduka, na ukiviona acha kuosha, anza kutafuta giaboksi. Rudisha sampu na gasketi mpya. Bolti zake hukazwa kwa Nm 8 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani mkono mwepesi, na nati ya kumwagia Nm 34. Jaza kiasi kilekile kilichotoka. Kisha chomoa mpira unaorudisha oili kutoka kwenye kipozeo, uelekeze kwenye chombo chenye alama za lita. Mtu mmoja awashe gari likiwa P, mwingine aangalie chombo. Zikitoka lita 2, zima. Jaza lita 2 mpya kupitia bomba la kijiti. Rudia. Usiruhusu zaidi ya lita 2 kwa awamu, kwa sababu pampu ikivuta hewa unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Endelea mpaka umepitisha angalau lita 12 na inayotoka inafanana na inayoingia. Endesha kilomita chache gia zote ziingie, halafu rudia zoezi zima. Kwa giaboksi iliyonyweshwa kulanti, andaa lita 24. Ni nyingi, na bado ni nafuu.

Oili ni Nissan Matic S, iliyochukua nafasi ya Matic J iliyotajwa kwenye vitabu vya awali. Usikubali "hidroliki nyekundu" ya ndoo, wala NS-2, ambayo ni ya giaboksi za CVT, zile za mkanda zisizo na gia za hatua, kama za X-Trail T31. Kimo hupimwa injini ikiwa imewashwa, gari kwenye sakafu tambarare, baada ya kupitisha gia zote polepole na kurudi P, oili ikiwa na joto la nyuzi 65 hivi. Ukipima ikiwa baridi na kujaza hadi alama ya moto, itatanuka, itatoa povu, na povu halishiki klachi.

Kama gari limeshaanza kutetemeka, kuosha kunaweza kukupa wiki, pengine miezi. Hakurudishi gundi iliyolainika. Hapo ni kufungua giaboksi yote na kubadilisha pleti, sili na tokikonveta, au kuweka nyingine.

Kutenganisha oili na maji moja kwa moja

Rejeta mpya ni lazima, lakini ukifunga rejeta mpya ya bei rahisi na kurudisha bomba zilezile ndani yake, umerudisha hatari ileile na tarehe mpya. Kwa joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ushauri wetu hauna mzunguko: acha kipozeo cha ndani ya rejeta kikae bure, oili ipozwe na hewa peke yake. Anayeishi kwenye baridi ya kugandisha, kama jamaa walioko Minnesota au Toronto, ana sababu ya kufikiri mara mbili, kwani rejeta huko husaidia pia kuipasha oili asubuhi.

Tafuta kipozeo cha hewa cha aina ya pleti zilizopangwa, si kile cha bomba moja lililokunjwa kunjwa na mapezi. Cha pleti hupoza zaidi kwa ukubwa uleule. Upana wa sentimita 28 na kimo cha 19 hivi hutosha kwa gari lisilovuta trela. Kinakaa mbele ya kondensa ya AC (ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta), kikiacha nafasi ya sentimita moja hivi, kimefungwa kwa vipande vya bati na bolti kwenye fremu. Zile kamba za plastiki zinazopitishwa katikati ya kondensa ziache. Mtikisiko wa barabara ya vumbi huzigeuza msumeno, na utakuja kulipia gesi ya AC. Midomo yake ielekee juu au pembeni ili hewa isibaki ndani.

Mpira uwe wa kipenyo cha ndani cha inchi 3/8, ulioandikwa kuwa ni wa oili ya giaboksi otomatiki. Wa petroli utavumilia kwa muda, wa maji utapasuka. Usiupitishe karibu na ekzosi wala mahali utakaposuguana na chuma chenye ncha. Penye wasiwasi, uvalishe mpira mwingine mkubwa juu yake. Klipu ziwe za bolti zenye mkanda laini. Zile za minyoo zenye matundu hukata mpira. Ili kujua bomba lipi linatoka na lipi linarudi, elekeza yote mawili kwenye chombo na uwashe gari kwa sekunde mbili. Baada ya kufunga ongeza kama nusu lita, pima tena, na kagua klipu zote baada ya safari ya kwanza ndefu.

Kifaa kidogo cha OBD cha blututhi, kinachochomekwa kwenye soketi ya kusomea kompyuta ya gari, na programu ya simu inayosoma joto la giaboksi ni ununuzi wa maana kuliko bampa ya chuma. Nyuzi 80 hadi 95 ni kawaida. Ikipita 110 punguza mwendo. Ikipita 120 simama, acha injini ikiunguruma kwenye P oili izunguke ipoe. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi kumi na kidogo juu ya kiwango cha kawaida hukata maisha ya oili nusu. Kwenye mlima wa Kitonga, au kupandisha kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru ukiwa umejaza watu na mizigo, usiiachie D ichague yenyewe kati ya nne na tano. Sogeza kwenye mkono, shikilia ya tatu. Gia inayobadilika badilika huiacha klachi ya tokikonveta wazi, na hapo ndipo joto linapozaliwa. Kwenye mchanga na tope tumia 4LO, gia nzito ya magurudumu manne, kwa sababu hiyohiyo.

Rejeta yenyewe na makosa ya gereji

Hata bila kipozeo cha oili, rejeta ya R51 huzeeka. Tanki la juu la plastiki hupata ufa kwenye shingo ya mpira mkubwa. Maungio ya plastiki na aluminiamu huanza kutoa doa jeupe la kulanti iliyokauka. Pwani, chumvi hula mapezi mpaka yanamomonyoka ukiyagusa. Rejeta ya aina hii haikwanguliwi ikachomelewa kama zile za shaba. Gundi ya Araldite kwenye plastiki inakufikisha nyumbani, haikufikishi Mwanza. Na dawa za kuziba zinazomiminwa ndani huziba pia mirija midogo ya hita.

Mfuniko ndio spea ya bei ndogo inayopuuzwa kuliko zote. Kazi yake ni kushikilia presha. Kwa baa moja juu ya hewa ya kawaida, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 120 badala ya 100. Nairobi, kwenye mita 1,795 hivi juu ya bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94. Thermostati ya VQ40 huanza kufunguka kwenye 82 na injini hufanya kazi karibu na 90. Yaani mfuniko ukifa Nairobi au Nakuru, na rejeta ina maji ya bomba, umebakiwa na nyuzi chache tu kati ya kawaida na kuchemka. Gari hilohilo likishuka Mombasa linaonekana limepona, na mwenyewe anaapa kwamba shida ilikuwa mafuta. Nunua mfuniko wenye namba ileile iliyo juu ya ule wa asili, si mkubwa zaidi kwa kudhani unaongeza nguvu. Presha ya ziada inaitafuta plastiki ya zamani.

Kuhusu kutoa thermostati "ili gari lisichemke": huo ni ushauri mbaya unaotolewa kwa ujasiri mwingi. Injini isiyofika joto lake hula mafuta zaidi, huchafua oili yake, na kompyuta ya giaboksi huchelewesha kufunga tokikonveta ikisubiri joto. Umeondoa kifaa kimoja, umeongeza joto kwenye kingine. Kama gari linachemka, chunguza klachi ya feni kwanza: injini ikiwa na moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bure mizunguko kadhaa, silikoni yake, kimiminika cha ndani kinachoifanya ishike, imeisha. Halafu angalia tope lililoganda kati ya kondensa na rejeta, ambalo kwa mbele halionekani. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo.

Kulanti ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, jumla karibu lita 10 kwa V6, zaidi kidogo kwa lenye hita ya nyuma. Maji ya kisima hula aluminiamu.

Ukilazimika kununua giaboksi ya mtumba, iwe Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, huwezi kuisikiliza ikifanya kazi, lakini unaweza kuomba sampu ifunguliwe. Vipande vya karatasi nyeusi kwenye sumaku, au kutu ya aina yoyote ndani ya sampu, ina maana kuwa unauziwa giaboksi iliyokufa kwa ugonjwa uleule wa yako. Linganisha kibati cha namba pembeni yake na cha kwako, maana za 2WD na 4WD hazifanani mkiani, na ya dizeli haikai kwenye V6. Usinunue TCM peke yake kutoka gari jingine; hiyo na vali bodi yake hupangwa pamoja kiwandani na huuzwa kama kitu kimoja. Na kabla giaboksi hiyo haijapandishwa, mabomba ya oili yasukumwe safi kwa hewa na kipozeo kiwe kipya, kwa sababu kulanti iliyobaki kwenye bomba la zamani itakuwa ya kwanza kuingia.